Tupeane uzoefu: kazi ya kwanza ya udaktari kwenye nyanda za juu zenye baridi

Mwana wa Kadutu (Bukavu)

Ndugu zangu wa fani ya afya, nimemaliza masomo ya udaktari hapa Bukavu, na barua ya kunipeleka kwenye hospitali moja ya nyanda za juu za Itombwe imekwisha kunifikia. Nimezaliwa kando ya ziwa, kwenye mita 1,500 hivi, mahali ambapo sweta moja humtosha mtu mwaka mzima. Ninakokwenda ni zaidi ya mita 2,500, na mlima Mohi ulioko huko unafika mita 3,475. Kila ninayemwuliza ananiambia nichukue blanketi nzito, kisha mazungumzo yanahamia kwenye barabara na usalama. Ningependa kuwasikia waliowahi kuanza kazi mahali pa namna hiyo: baridi inabadilisha nini katika kazi yenyewe, mbali na usingizi wa daktari?

Dokta wa Mlimani (Uvira)

Mdogo wangu, mimi nilianzia kazi kwenye milima iliyo juu ya Uvira, na nitajibu swali kama ulivyoliuliza.

Itabidi ujifunze upya kusoma vipimo. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi na oksijeni ya kwenye damu inavyoshuka, kwa hiyo mzee mwenye afya njema anayeishi kwenye mita 2,500 anaweza kukupa asilimia 92 kwenye kile kifaa cha kubana kidole, huku akikushangaa kwa sababu ametoka kulima tangu alfajiri. Kidole chenye baridi nacho hudanganya, kwa kuwa mishipa yake imebana na kifaa hakipati mapigo. Tulikuwa tunampasha mgonjwa mikono kwanza ndipo tunaandika namba. Kwa upande wa damu mambo ni kinyume. Miili ya watu wa juu hutengeneza chembe nyekundu zaidi, kwa hiyo hemoglobini ambayo Bukavu ungeiona ya kawaida, kule inaweza kuwa upungufu wa damu kwa mama mjamzito.

Utaambiwa kwamba juu hakuna malaria. Ni kweli kwamba maambukizi ni machache, kwa sababu kimelea hakikui vizuri ndani ya mbu palipo na baridi, lakini wafugaji na wachuuzi huteremka kwenye bonde la Ruzizi na kando ya ziwa Tanganyika, kisha wanarudi nyumbani na homa. Mtu mzima wa Uvira ameumwa malaria tangu utotoni na mwili wake umeizoea; mtu mzima wa mlimani hana kinga hiyo, naye anaweza kuchanganyikiwa na kupoteza fahamu kwa malaria ya aina ambayo kule bondeni tungeitarajia kwa mtoto mdogo. Kila mwenye homa muulize alikuwa wapi katika mwezi uliopita.

Halafu kuna mbabula, yaani jiko la makaa (makala), ambayo kwa maoni yangu ndiyo hatari isiyosemwa vya kutosha. Usiku watu hufunga mlango na dirisha na kuingiza makala ndani ili walale kwa joto. Wakikuletea asubuhi mama na watoto wake, wote wanaumwa kichwa, wote wanatapika, na hakuna mwenye homa, usikimbilie kuandika sumu ya chakula. Hiyo ni gesi ya makala, na kifaa cha kidole hakiitambui: kinaihesabu kama oksijeni na kinaweza kukuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliye katika hatari ya kufa. Watoe kwenye hewa safi, wape oksijeni kama ipo, kisha nenda wewe mwenyewe ukaione nyumba, maana huenda kuna aliyebaki ndani. Kumkataza mtu moto bila kumwambia alale vipi ni maneno ya mtu wa mjini. Sisi tuliwaomba wapashe chumba mapema jioni mlango ukiwa wazi, na watoe mbabula nje kabla ya kulala. Baadhi walikubali.

Mama Mkunga (Lubero)

Mwanangu wa Kadutu, mimi nimezalisha miaka mingi upande wa Masereka, kwenye mashamba ya viazi, na ninakuomba uanzie kwenye chumba cha uzazi. Kinatakiwa kuwa na joto la nyuzi 25 angalau. Usiku wa Julai, kwenye jengo la saruji lenye dirisha lililovunjika, utaipata wapi hiyo? Mtoto anazaliwa akiwa amelowa, na katika dakika chache tu joto lake linashuka chini ya 36.5. Mtoto aliyepoa hanyonyi, asiponyonya sukari yake inashuka, na kesho yake mtasema ni maambukizi.

Mkaushe papo hapo, ondoa kitambaa kilicholowa, mvike kofia, mlaze kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, kisha uwafunike wote wawili kwa kikwembe na blanketi. Kumwogesha kusubiri saa 24. Hilo la mwisho litakuletea ugomvi na bibi zake, ambao wamekuja na maji ya moto kutoka nyumbani, na usipowaheshimu hawatamleta mwingine kuzalia kwako. Mimi nilikuwa nampa bibi kazi ya kumshikia mama blanketi, na maji yale tulimwogeshea mama.

Njia hii ya kumbeba mtoto njiti kifuani si ya kijijini kama wanafunzi wengi wanavyodhani. Dokta Edgar Rey aliianzisha Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za kuwatunzia njiti hazikutosha, na Bogotá yenyewe iko kwenye mita 2,600 hivi. Ilizaliwa mlimani kama watoto wetu.

Nesi wa Himbi (Goma)

Naongeza la chanjo. Chuoni tulifundishwa kuogopa joto, lakini kwenye milima ya Masisi nilichoogopa zaidi ni barafu. Chanjo ya surua inavumilia kuganda, ila ile ya pepopunda na ile ya mchanganyiko wa magonjwa matano zikiganda zimekufa, na chupa inaweza kuonekana nzima kabisa. Vifuko vya maji yaliyogandishwa visiwekwe kwenye kisanduku cha chanjo vikiwa vimetoka tu kwenye friji: viache mpaka ukivitikisa usikie maji ndani. Ukiwa na shaka, gandisha chupa moja ya toleo lilelile kwa makusudi, iyeyushe, tikisa zote mbili pamoja, uone ipi inatulia haraka. Ikiwa ile unayoishuku inatulia haraka sawa na iliyogandishwa, itupe.

Kaka wa Kamalondo (Lubumbashi)

Sisi wa Lubumbashi hujisifu kwamba tunaijua baridi kwa sababu ya Juni na Julai, lakini nilipofika Marungu, juu ya Moba, nilinyamaza. Wenzangu wamemaliza ya tiba, nami nitasema ya mfuko. Kabla hujapanda, uliza kwa maandishi kama jina lako limekwisha kuingia kwenye orodha ya primu (posho) ya Serikali, nani analipa usafiri, na kama nyumba ya daktari ina dari. Mimi niliahidiwa vyote kwa mdomo na ofisi iliyonituma, na kwa muda mrefu nikaishi kwa kile tulichogawana kutoka malipo ya wagonjwa, ambao nao hulipa wakati wa mavuno.

Mwana wa Kadutu (Bukavu)

Aksanti sana, wakubwa zangu, na wewe Mama. Motari, mwendesha pikipiki, anasema atachukua begi moja tu mpaka barabara inapoishia, na kutoka hapo ni miguu na wabebaji. Ukiacha nguo, ndani ya begi hilo niweke nini?

Dokta wa Mlimani (Uvira)

Weka kipimajoto kinachoshuka chini ya nyuzi 35, kwa sababu vile vya kawaida huanzia hapo, na mtoto mwenye nyuzi 33 hutamtofautisha na mwenye 35. Taa ya kichwani na betri zake, ambazo usiku utazilaza ndani ya blanketi lako kwa kuwa baridi huzipunguzia nguvu. Kofia za sufu za vichanga, kadiri utakavyopata. Akina mama wa Kadutu wanazifuma kwa bei nafuu ukiagiza nyingi. Na kama nafasi itabaki, sufuria ya presha. Kwenye mita 2,500 maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, na maharagwe yatakuchosha kabla hayajaiva. Ila sufuria hiyo ifiche, wauguzi wataiazima kwa ajili ya kutakasia vyombo na hutaiona tena jikoni.