Naomba ushauri: kazi ya kutunza kima wanaojaribiwa dawa za Marburg

Tabibu wa Mifugo: Wakuu, nawasalimu. Mimi ni daktari wa mifugo, mzaliwa wa Kagera. Nimepata kazi nje ya nchi, katika maabara ya ulinzi wa kiwango cha nne, yaani cha juu kabisa, inayojaribu dawa za Marburg, ugonjwa wa virusi ulio ndugu wa Ebola, kwa kima. Usingizi umenipaa. Niende au nibaki?

Mama wa Ziwani: Nenda, mwanangu. Mwaka 2023 ugonjwa huo ulipoingia Bukoba Vijijini, hata msibani tuliogopa kupeana mikono, na hadi leo hauna dawa iliyoidhinishwa.

Mja wa Mola: Kiumbe asiyeweza kukataa hapaswi kuambukizwa kifo kwa makusudi. Kwa nini wasitumie panya?

Mwanamaabara: Panya mzima wa kawaida hafi kwa Ebola inayoua watu mpaka kirusi kizoeshwe mwili wake, kima huugua kwa namna iliyo karibu zaidi na yetu. Hata hivyo, kima nao si kipimo kamili. Mwaka 2014 kima 18 wenye Ebola waliopewa dawa iitwayo ZMapp walipona wote, wakiwemo walioanza tiba siku ya tano, lakini katika jaribio la Kongo la 2018 na 2019 takriban nusu ya wagonjwa waliopewa dawa hiyo walifariki. Kima hujulikana siku aliyoambukizwa, ilhali wagonjwa wengi wa Beni na Butembo, miji ya Kongo lilikofanyika jaribio hilo, walifika kituoni wakiwa wameugua siku kadhaa. Katika jaribio hilohilo, waliopewa mAb114, kingamwili iliyotokana na damu ya manusura wa Ebola ya Kikwit, Kongo, ya 1995, walifariki asilimia 35.

Mja wa Mola: Mleta uzi, bado hujasema unachokiogopa.

Tabibu wa Mifugo: Nimekwisha saini mkataba. Kinachonisumbua ni kima wa kundi la kulinganishia, wasiopewa dawa, ambao mimi ndiye nitakayewachoma sindano ya mwisho. Lakini bila wao hatuwezi kujua kama ni dawa iliyoponya, na afadhali wawe mikononi mwa mtu anayewahurumia.

Mpita Njia: Hii ni hadithi ya kutunga. Hakuna maabara ya namna hiyo inayomkabidhi mgeni wanyama.

Tabibu wa Mifugo: Sijasema naingia kesho, mafunzo yanatangulia, na baadaye nitaingia nikiongozana na mzoefu. Karatasi ya alama wamenitumia: joto, vipele, kula, kama mnyama anainuka akikaribiwa. Alama zikifika kiwango kilichowekwa, anachomwa sindano ya mwisho kabla hajafa kwa mateso.

Mwanamaabara: Je, alama zikiwa bado chini nawe unaona anateseka, nani ana kauli ya mwisho? Uliza pia kama wanaweza kutumia kumbukumbu za majaribio yaliyopita ili kundi la kulinganishia liwe dogo.

Tabibu wa Mifugo: Mkataba unamtaja mtafiti mkuu. Nawaandikia watu wa maabara leo hii kwamba kauli hiyo iwe ya daktari wa mifugo, na sitakata tiketi kabla hawajanijibu kwa maandishi.