Daktari wa simu kamwambia mamangu mwenye Parkinson "acha kutikisa simu"!!!

Nimekata simu sasa hivi na bado moyo wanidunda. Yule daktari wa kwenye simu, sina haja ya kumtaja, Mombasa nzima twamjua, yule mwenye rafu ya vitabu nyuma visivyofunguliwa tangu enzi za Mreno, amemwambia mamangu: "Mama, acha kutikisa simu."

Acha kutikisa simu! Mama ana Parkinson, ugonjwa wa mwili kutetemeka na kukakamaa, mwaka wa 6 huu. Huko kutetemeka ndiko kulikotupeleka kwake!

Nimeweka bando, nimemkalisha barazani maana ndani mtandao haufiki, nimemvalisha leso yake mpya ya kutokea. Miadi saa 4. Bwana katokea saa 6 na robo. Hapo dawa ya saa 2 ishamwisha mwilini na ya saa 8 bado, mkono wa kulia wacheza kama jani la mwembe kwenye kusi. Levodopa, hiyo dawa yake, ndivyo ilivyo, ikiisha nguvu mwili wakakamaa na mtetemo warudi. Hilo ndilo nililotaka kumweleza, kwamba dozi hazifikishani tena. Sikupewa nafasi. Kasema niondoke kwenye picha, simu ashike mgonjwa mwenyewe. Mama akashika. Uso ukawa waruka juu chini, na yeye kule, macho kwenye karatasi zake: "Mama, acha kutikisa simu."

Mama akaukamata mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaubana magotini. Akasema, "Nisamehe, mwanangu." Mama wa miaka 71 aomba msamaha kwa kuugua!

Dakika 3, kwisha. Hakumwambia agonganishe vidole, hakumwambia ainuke atembee hatua 4, na hayo kamera yayaona vizuri tu. Ukakamavu hauonekani kwenye kioo, lazima uushike mkono uukunje, lakini si mimi nilikuwa hapo? Angeniuliza! Kisha ukaja ujumbe: "Umeridhika na huduma? Chagua nyota." Nikampa moja. Nikajibiwa, "Twafurahi kuwa umeridhika." Nimeridhika na nini? Na acha kutikisa simu?

Mvuvi wa Mtongwe: Huyo huyo! Ndugu yangu ana kifafa, akamuuliza, "Kwa kawaida huanguka saa ngapi?" Kifafa kina ratiba?

Kisauni Damu: Na wewe na mikono yako miwili, simu hukuiegemeza kwenye chupa ya chai? Kelele zote hizi!

Mwenye uzi: Soma kabla ya kujibu. YEYE ndiye aliyetaka mgonjwa ashike mwenyewe. Halafu ndiyo akasema acha kutikisa simu.

Shangazi wa Tudor: Pole mwanangu, mpe mama salamu. Lakini mie simu msinitukanie. Zamani nilikuwa nikipanda treni Miritini hadi Nairobi kumwona daktari wa neva, nalala kwa watu, kwenda kuandikiwa dawa ile ile, carbamazepine. Sasa naandikiwa huku nakaanga viazi karai. Wangu husikiliza.

Kijana Bamburi: Shikamoo shangazi. Hizo karai wauzia wapi?

Mvuvi wa Mtongwe: Heri yako wewe wa treni. Leo nimesimama feri ya Likoni saa nzima na nusu, jua la utosi, jasho mpaka ndani ya viatu.

Kisauni Damu: Si upite barabara ya Dongo Kundu, uikwepe feri?

Mvuvi wa Mtongwe: Kwa miguu?? Na ndoo ya samaki kichwani?

Kisauni Damu: Tuktuk zipo.

Mvuvi wa Mtongwe: Hao wa tuktuk ndio usinitajie kabisa. Jana kaniambia samaki wananuka, nilipe viti viwili!

Mwenye uzi: Jamani, tulikuwa kwa mamangu. Mkono mpaka sasa haujatulia.

Kijana Bamburi: Shangazi hujanijibu za karai.