Magunia 11 mwezi Juni, ghala tupu mwezi Januari: kosa liko wapi?

Mkulima wa Kongwa:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Nyumbani tuko watu sita, na debe moja la mahindi hutusukuma takriban siku sita. Msimu uliopita nilivuna magunia 11, ambayo kwa debe sita kila gunia yangetufikisha mavuno mengine. Hata hivyo, mwezi Juni nilipeleka magunia matano soko la Kibaigwa ili nilipe deni la pembejeo na ada ya kijana aliye chuoni, na sita yaliyobaki yaliisha mwanzoni mwa Januari, palizi ilipokuwa imeiva. Sasa tunanunua kwa debe, kwa bei inayokaribia mara mbili ya ile niliyouzia, na fedha yenyewe tunaipata kwa kibarua katika mashamba ya wengine huku magugu ya kwetu yakisonga mahindi. Je, niongeze ekari?

Bwana Shamba Mstaafu:
Ndugu, usiongeze. Ekari ya ziada itadai palizi katika wiki zilezile ambazo mikono yenu iko kwa jirani, na mvua ya Dodoma, ambayo ni ya msimu mmoja tu, haimngojei mtu. Njaa yenu ya Januari ilianza siku mlipopakia yale magunia matano.

Nadhani uliharakisha kuuza pia kwa hofu ya dumuzi, na hofu hiyo ina msingi: tangu mdudu huyo aingie nchini kupitia Tabora katika miaka ya 1970, anaweza kugeuza gunia kuwa vumbi kwa miezi michache. Mifuko isiyopitisha hewa humkosesha pumzi, ilimradi mahindi yawe yamekauka. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje na chumvi kavu, tikisa, kisha subiri robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, rudisha mahindi juani, tena juu ya turubai na si kwenye udongo. Mahindi mabichi yakifungiwa huota ukungu, na wenzetu wa Dodoma na Manyara waliopoteza ndugu kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, mwaka 2016 hawahitaji kuelezwa maana yake.

Mama wa Bahi:
Shikamoo Bwana Shamba. Nakubaliana nawe kuhusu mifuko, lakini mfuko haulipi ada. Mwenye kudaiwa mwezi Juni atauza Juni, hata ghala lake liwe zuri namna gani. Mimi niliponea pale nilipoamua kwamba nafaka ni ya kula na mifugo ni ya kulipia, ndipo nikaanza kufuga mbuzi na kuku kwa ajili ya madeni tu. Nusu ya shamba nilihamishia mtama, ambao hustahimili kiangazi cha katikati ya msimu kuliko mahindi, ingawa watoto walinuna mwezi mzima kwa sababu ya ugali wake na ndege wakanitoa jasho.

Jambo jingine, ukiuza, uza kwa mizani. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imekatazwa kisheria, lakini mnunuzi akikukuta una shida atakushonea kilemba juu ya gunia, na kilemba hicho ndicho debe lako la Januari.

Mkulima wa Kongwa:
Nashukuru sana, wazee wangu. Kumbe yale magunia yangu matano yalikuwa na vilemba, nami nilihesabu matano tu. Jana usiku tulikaa na mwenzangu tukakubaliana kwamba magunia kumi ya mavuno yajayo yafungwe kabla ya mnunuzi yeyote kubisha hodi, na mbuzi wawili tulionao wawe wa deni la pembejeo. Ada bado haijapata mlango wake. Mama wa Bahi, hao kuku ulianza na wangapi, na ugonjwa wao wa kideri unaudhibitije? Nitasoma majibu usiku, kwani leo zamu ya palizi ni ya shamba letu.