Kamba moja au nusu mbili kwa Nelion?

Kinyonga_Umoja: Habari za jioni wapandaji. Nina kamba moja ya mita 60, milimita 9.8, niliyoitumia kwenye miamba ya Lukenya na Hell's Gate miaka mitatu sasa. Januari mimi na mwenzangu tunapanda Nelion, kilele cha pili cha Mlima Kenya, mita 5,188, kwa njia ya kawaida ya kusini-mashariki. Pesa nimedunduliza, sitaki kununua cha kujutia.

Jumapili huko Lukenya nilifuata ufa unaokata kushoto, kisha kulia. Kufika juu kamba, kwa kupinda kwenye kona hizo, ikagoma kabisa, naivuta kama ndoo ya kisimani, mikono inatetemeka. Mwenzangu chini hanisikii, hajui kama nataka alegeze au akaze. Niliogopa sana. Je, nusu mbili, yaani zile kamba mbili nyembamba zinazotumika pamoja, zingeniokoa?

Dada_Nanga: Pole kaka. Zingekusaidia, ndiyo. Unajifunga zote mbili, nyekundu unaipitisha karabina (zile pete za chuma za kwenye mwamba) za kushoto, ya buluu za kulia, kila moja inabaki karibu imenyooka. Na jiwe likikata moja, umebaki na ya pili.

Ila tazama alama kwenye ncha: kamba kamili, ya kutumika peke yake kama yako, ina 1 ndani ya duara, nusu ina ½. Kamili hujaribiwa kwa uzito wa kilo 80, nusu kwa kilo 55. Anayetangulia asipande kwa nusu moja peke yake, tafadhali. Kwa Lukenya baki na yako. Ukikuta njia ya kona, tumia utepe mrefu kwenye karabina za pale inapopinda.

Mzee_wa_Ukungu: Kijana, mimi naangalia kushuka. Kamba ya mita 60 ukiikunja kwenye nanga, pale inapofungwa kwenye mwamba, unashuka 30 tu. Mbili zikiungwa, 60. Mlimani mawingu hupanda mchana, na mimi yalinikuta huko na kamba moja. Tulishuka vipande vifupi vifupi, kila kipande tunapapasa nanga nyingine, mvua ya mawe inapiga, mwenzangu vidole vimekufa ganzi. Sikutamani tena kuona mtu akipitia hayo. Nunua nusu mbili. Na kabla wa mwisho hajashuka, aliye chini ajaribu kuvuta: fundo likinasa, bado yuko mtu juu wa kulinasua.

Kinyonga_Umoja: Asante mzee, shikamoo. Shida ni kwamba kifaa changu cha kushikia kamba ya mwenzangu anapopanda kinaingiza kamba moja tu.

Dada_Nanga: Basi hicho kiache nyumbani, tafuta chenye matundu mawili. Na mjizoeze wote wawili kabla ya Januari, maana anayeshika hulegeza nyekundu huku akivuta buluu kwa wakati mmoja, na mkono wa breki, ule unaozuia kamba isikimbie, hauachii hata moja. Mimi ilinichukua siku nyingi. Jumamosi nitakuwa Lukenya na zangu za milimita 8. Njooni saa moja asubuhi, kabla jua halijawasha mwamba, mzijaribu kwenye ule ufa wako.

Kinyonga_Umoja: Tutakuwepo, dada. Chai ya tangawizi naleta mimi.