Mshereheshaji amemwambia baba yangu "amefulia" mbele ya wakwe!

Ndugu wanajukwaa wa Mbeya, nimetoka ukumbini Uyole sasa hivi, sijavua hata viatu, na mikono bado inatetemeka. Mshereheshaji mwenyewe mnamfahamu wote, yule wa koti linalometameta, kwa hiyo sina haja ya kumtaja.

Katika sendofu ya mdogo wangu, baba aliinuka na mkongojo wake kwenda kumtunza binti yake. Alipofika mbele aliuegemeza mkongojo kwenye meza ili ashike bahasha kwa mikono miwili, kama ambavyo amekuwa akimkabidhi mtu kitu tangu nipate akili. Yule kijana akaipokea, akaiminya kwa vidole, kisha akatangaza kwa sauti ambayo nina hakika ilisikika hadi Tunduma: "Jamani, dingi amefulia!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Baba, ambaye hajui kwamba mtaani kufulia ni kuishiwa hela, na maisha yake yote kufulia ni kumfulia mtu nguo, akamgeukia mama na kumuuliza: "Nimemfulia nani?"

Mzee wa miaka 74, mbele ya wakwe, anauliza amemfulia nani!

Siyachukii maneno ya mtaani. Nikiwa Mwanjelwa nanunua parachichi za buku, yaani elfu moja, nadai chenji yangu ya jero, yaani mia tano, na noti nyekundu ya elfu kumi naiita msimbazi kama shabiki yeyote wa Simba. Hata daladala tunayoipanda kila siku ilipata jina kwa utani wa "dala", yaani shilingi tano. Lakini maneno hayo hutaniwa nayo mtu anayeyajua. Ukimtupia mzee asiyeyajua, unamsengenya akiwa amesimama mbele yako. Na huyu alikuwa amekuja na bahasha kwa mikono miwili, ndugu zangu. "Nimemfulia nani?"

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana, mkuu, lakini tuambie kwanza bahasha ilikuwa na msimbazi ngapi, maana huenda mshereheshaji alisema kweli.

Mchangiaji wa pili: Hilo ni dogo. Mama yangu aliitwa "bi mkubwa" na kondakta pale Kabwe, akarudi nyumbani kumuuliza baba huyo mke mdogo amemwoa lini. Hawajazungumza tangu Jumapili.

Mchangiaji wa tatu: Kama ni yule kondakta wa asubuhi, mpaka leo ana jero yangu.