Ushauri: namna ya kuwaonyesha watumiaji tarehe waliyojisajili kwa mara ya kwanza

Mleta uzi
Wanajukwaa, salaam. Ninasimamia huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi picha, na baadhi ya akaunti zake zina umri wa zaidi ya miaka kumi. Watumiaji wameomba kwa muda mrefu kwamba ukurasa wa wasifu uonyeshe walijiunga lini, na uongozi umeridhia. Kinachonikwamisha ni hali ya kumbukumbu zenyewe. Kundi kubwa la akaunti lina tarehe moja, yaani siku ambayo waliotutangulia waliuhamisha mfumo wa zamani kuja kwenye huu wa sasa. Akaunti nyingine hazina tarehe kabisa, na ukurasa wa majaribio unadai kwamba zilifunguliwa tarehe 1 Januari 1970. Je, hawa niwaonyeshe nini? Na tarehe hiyo ionekane kwa kila mtu au kwa mwenye akaunti peke yake?

Fundi Kanzidata
Hiyo 1970 isikusumbue. Mifumo mingi huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia saa 6 usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari mwaka huo, kwa saa za UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), kwa hiyo mahali pasipo na tarehe programu yako imesoma sifuri. Watumiaji walio katika saa za nyuma ya UTC wataona hata 31 Desemba 1969. Ifundishe programu kutofautisha kati ya tupu na sifuri, na hilo litakuwa limekwisha.

Kazi iko kwenye tarehe ya uhamisho, kwa sababu yenyewe inafanana na tarehe ya kweli na hakuna atakayeitilia shaka isipokuwa mwenye akaunti. Kama namba za akaunti zilitolewa kwa mfuatano na hazikubadilishwa wakati wa kuhama, bado mna ushahidi. Tafuteni picha ya kwanza iliyopakiwa na kila akaunti. Akaunti namba 41,200 ikiwa ilipakia picha Machi 2013, basi si yeye tu, bali wote wenye namba ndogo kuliko yake walikuwa wamekwisha kujisajili kufikia siku hiyo, hata yule ambaye hajawahi kupakia chochote. Angalizo moja: tumieni saa ambayo seva ilipokea picha, wala si tarehe iliyomo ndani ya picha, kwani hiyo huandikwa na kamera, ambayo saa yake huenda haijawahi kurekebishwa, na picha yenyewe inaweza kuwa ilipigwa miaka mingi kabla ya huduma yenu kuanza.

Msomaji Mkongwe
Nakubaliana na njia ya Fundi, lakini sikubaliani na mtu yeyote atakayeichukua tarehe iliyokadiriwa na kuiandika kana kwamba ilirekodiwa. Kinachojulikana hapo ni kikomo cha mwisho tu, basi andikeni «Alijiunga Machi 2013 au kabla». Hata Wikipedia ina akaunti za zamani ambazo tarehe ya kujisajili haimo kwenye kumbukumbu, kwa kuwa zilifunguliwa kabla programu yake haijaanza kuihifadhi, na akaunti hizo zinaendelea kutumika kama kawaida. Pia mwaweza kumpa mtumiaji nafasi ya kuwatumia barua pepe ya kukaribishwa aliyoipokea siku ile, wapo wanaozitunza.

Mlinzi wa Mifumo
Kabla hujaiweka hadharani, waulize wahudumu wenu wa wateja wanamtambuaje mtu aliyepoteza nenosiri. Huduma nyingine humuuliza mwombaji alifungua akaunti lini, zikihesabu jibu hilo kuwa sehemu ya uthibitisho. Nanyi mkifanya hivyo, siku mtakapoichapisha tarehe kamili mtakuwa mmemgawia mwizi jibu la swali. Ondoeni swali hilo kwanza. Kwa umma, mwezi na mwaka vinatosha, jinsi Twitter ilivyozoea kuonyesha. Mwenye akaunti aione tarehe kamili kwenye mipangilio yake, kwani hiyo ni taarifa yake mwenyewe, na kwa walio chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018, ana haki ya kuidai.

Mhariri
Nyongeza ndogo: jina la mwezi liandikwe kwa maneno. Ukiandika 03/04/2012, wengine watasoma Aprili na wengine Machi.

Mleta uzi
Nawashukuru sana. Namba zetu hazikubadilishwa, hivyo njia ya Fundi inawezekana. Limebaki jambo moja: wapo waliojaza fomu wakachelewa kuthibitisha barua pepe kwa miezi kadhaa, na wapo waliofuta akaunti kisha wakarudi kwa anwani ileile. Kwa hawa, mara ya kwanza ni ipi?

Fundi Kanzidata
Kwa waliochelewa, hifadhini nyakati zote mbili, ila onyesheni ule wa kujaza fomu, maana ndio mtumiaji anaoukumbuka.

Mlinzi wa Mifumo
Kwa waliofuta wakarudi, onyesheni tarehe ya kurudi. Mtu akifuta akaunti, nanyi mkamwambia kwamba taarifa zake zimeondolewa, kisha akarudi baada ya miaka akakuta mnamkumbuka tangu mwanzo, mtakuwa mmemwonyesha wenyewe kwamba hamkufuta kitu. Atakayelalamika kwamba amepoteza ukongwe wake, mwelezeni waziwazi sababu. Tena afadhali onyo hilo liwepo kwenye ukurasa wa kufuta akaunti, juu ya kitufe chenyewe, ili alisome kabla hajakibonyeza.