MJADALA: Uvimbe wa taya kwa watoto, tulaumu kirusi au mbu?

Nyamwaga_Boy: Wakuu, naona watu wanashupalia kwamba ile kansa ya taya ya watoto, Burkitt, inaletwa na kirusi cha Epstein-Barr. Sasa hicho kirusi si karibu kila mtu mzima anacho? Mbona taya zinavimba huku Kanda ya Ziwa na Uganda kwenye mbu, Ulaya wanacho hichohicho na kansa hii kwao ni ya nadra?

Dkt_Mtarajiwa: Mkuu nani kasema kirusi kinatosha peke yake? Kinajificha kwenye seli nyeupe za damu, malaria ya kila mara inazifanya zizaliane ovyo, siku moja kipande cha kromosomu ya 8 (moja ya nyuzi za vinasaba ndani ya seli) kinakatika kinajiunga pasipo pake, basi, kansa hiyo. Na kinaenea kwa mate, ndo maana mtoto wa kijijini anakipata mapema, mama zetu bado wanatafunia watoto chakula, uchafu tu.

BintiMwanza: Uchafu??? Bibi yangu katutafunia viazi wajukuu wote hakuna aliyevimba hata fizi. Mkishavaa koti jeupe mnasahau mlikolelewa.

Dkt_Mtarajiwa: Dada sijamtukana bibi yako, nimeongelea mate

BintiMwanza: Na hao wa mjini wanaobusu watoto mdomoni, mate yao yamechemshwa?

Kamongo: 😂😂 yamechemshwa na kuchujwa

Mzee_wa_Tarime: Turudi kwa mbu. Miaka ya 70 huko mwishoni, huku North Mara waligawa klorokwini kwa watoto waone kama malaria ikishuka na kansa hii itashuka. Ikashuka, walipoacha ikapanda tena. Ina maana kirusi kilisafiri kikarudi?

Dkt_Mtarajiwa: Mzee malizia basi, ilikuwa 1977 mpaka 1982 na kesi zilishaanza kushuka kabla ya vidonge. Halafu West Nile, Uganda, walichukua damu ya watoto elfu 42 wakiwa wazima, waliokuja kuugua walikutwa tangu mwanzo na kingamwili nyingi, yaani askari wa mwili, dhidi ya kirusi hichohicho. Mnawagombanisha kirusi na mbu wakati wanafanya kazi pamoja.

Mzee_wa_Tarime: Vidonge nimemeza mimi, vichungu kama nini, halafu unanisahihisha wewe?

BintiMwanza: Ndo zao hao. Na bibi yangu hajaombwa radhi.

Mama_Ibra: Bishaneni mate. Mtoto wa shemeji yangu jino lililegea, kituo cha afya wakang'oa, haijapita wiki la pembeni nalo likalegea wakang'oa, kumbe uvimbe unasukuma kutoka ndani na ule unakua kwa siku sio kwa miezi. Kufika hospitali ya rufaa shavu limeshafunga jicho. Dripu za mwanzo tu za dawa ya kansa, shavu likaanza kunywea. Sasa hizo siku zote tulikuwa tunang'oa nini?

Kamongo: Anayeng'oa bila kupiga eksirei ndo kirusi chenyewe

Fundi_Meno: We Kamongo mimi nang'oa meno wilayani mwaka wa tisa huu, hiyo eksirei ya meno unayoisema iko wapi? Niletee mashine kwanza ndo uje unitukane.

Kamongo: Wilaya gani hiyo mkuu?